Mama Aliyekalishwa

Mama mmoja alikuwa na mwana mmoja wa kiume na shamba mteremkoni, huko Upare. Jina la mama huyo Nakundwa. Miaka sabini na miwili ilimkuta bado anapanda na jembe asubuhi na kushuka na kuni kichwani, na jioni alikula makande ya mahindi na maharage, na mboga alizochuma mwenyewe. Alichoka, tusidanganyane. Magoti yalimsumbua kila siku. Lakini alikwenda alikotaka, wala hakumwomba mtu.

Ila watu wana midomo. Kijijini hapo mzee akionekana na mzigo, aibu ni ya watoto wake. Wakaanza kuulizana sokoni kama yule mama alizaa mtu au alizaa jiwe. Maneno yakamfikia mwanawe Mbazi, yakamchoma. Akapanda shambani, akamnyang'anya mama yake jembe mbele ya majirani, akamhamishia nyumbani kwake na kumnunulia kochi. Mkewe, Naetwe, akaagizwa kwamba mama asishike hata ufagio. Asubuhi chai ya sukari nyingi na mkate mweupe, mchana uji laini, jioni mkate tena. Makande, walisema, ni chakula cha watu wa kazi. Majirani wakasifu. Nakundwa naye, niseme ukweli, alifurahi. Nani asiyechoka? Akakaa.

Alikaa mwaka, akakaa wa pili. Nguvu zilimtoka bila kuaga. Kwanza ngazi ya barazani ilimshinda, halafu uwanja, halafu akawa anashikwa mkono kwenda chooni. Mapaja yaliisha, kanga ikawa inamzunguka mara mbili. Siku moja alisema angependa kutembea kidogo. Akaambiwa atulie, ameshafanya kazi ya kutosha maishani. Akatulia, maana hata kubishana kunataka nguvu.

Ikafika siku Naetwe amekwenda kliniki na nyumbani yuko Mbazi peke yake. Haja ikamshika mama. Akajisukuma kwa mikono ainuke, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wapi. Alivumilia mpaka machozi yakamtoka, kisha akamwita mwanawe. Jamani, mnajua kwetu mama na mwanawe wa kiume wana mpaka. Mchana ule mpaka ulivunjwa. Mbazi alimbeba, akamfungua nguo, akageuzia uso ukutani. Nakundwa alimtazama kisogo.

"Mwanangu," alisema, "watu wamekusifu vya kutosha. Sasa nirudishie miguu yangu."

Mbazi hakuwa nayo. Alichoweza kilikuwa kidogo: makande yakarudi mezani, na yai, na dagaa, na majani ya kunde. Na kila siku mama akawa anainuka kwenye kiti kigumu na kukaa tena, mara tano, baadaye mara kumi, ameshikilia mlango, anahema. Kazi hiyo ilimchosha kuliko shamba lilivyowahi kumchosha. Kuna asubuhi alikataa kabisa, akageukia ukuta, na Naetwe akamsubiri hadi alipokubali. Majirani wakasema bibi wa watu anateswa. Naetwe aliyasikia, akalia jikoni, akapika maharage.

Mwezi wa tano wa kazi hiyo, Nakundwa alikwenda chooni peke yake. Akafunga mlango kwa ndani, akakaa humo kitambo bila haja yoyote. Shambani hakupanda tena.

Nanyi mnaonisikiliza, mlio na mzee nyumbani ambaye mmemwambia akae tu apumzike: mlikuwa mnamtunza yeye, au mlikuwa mnatunza jina lenu?