Msiba wa Mto Luvunde

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na nyua, vyungu na majirani wa kuwasengenya, aliishi Bi Pimbi. Mnamjua Pimbi? Mdogo, mnene kidogo, hana mkia, nyumba yake ni mapango ya mawe. Msimdharau. Alikuwa na mdomo, tena alikuwa na zeze.

Mkubwa wa bonde lile alikuwa Mzee Tembo. Kilimani palikuwa na msitu, na Mzee Tembo aliupenda kwa namna moja tu: ukiwa mkaa. Ko! Ko! Ko! Mashoka asubuhi, mashoka jioni. Mkaa ulikwenda mabonde ya mbali, ikarudi asali, ikaingia ghalani kwake.

Kilima kikabaki kipara. Mawingu yakawa yanapita bila hata kubisha hodi. Mvua za vuli zikachelewa, na mwaka wa pili hazikuja kabisa. Jua likawaka hata mawe ya Bi Pimbi hayakaliki. Mto Luvunde, uliokuwa ukivuma mpaka wageni wanashindwa kulala, ukabaki kidimbwi kimoja cha tope. Watoto wanne wa Bi Pimbi waligawana kata moja ya maji kwa siku, na yule wa mwisho midomo ilikuwa imempasuka hata kulia hawezi. Bi Pimbi aliogopa, sitawaficha. Aliogopa sana.

Akachukua zeze, akatunga wimbo.

Lakini palikuwa na amri: wimbo wowote usikilizwe kwanza na Afande Nyati, askari wa Mzee Tembo. Nyati alikuwa na masikio makubwa na moyo wa woga.

"Imba," akasema Nyati.

"Miti imekatwa, mto umekauka, joto linatuua..."

"Aa-aa! Hiyo 'miti' itoe. Inamsema mtu."

"Haya."

"Na 'mto' nao utoe. Na 'joto' ndiyo usithubutu! Mzee amesema hakuna joto. Kuna uchangamfu wa hewa."

"Mbona jasho linakuchuruzika, Afande?"

"Uchangamfu!"

"Sasa nimebakiwa na nini?"

Nyati akafikiri, akachora chini kwa kwato. "Umebakiwa na 'imekatwa, umekauka, linatuua.' Mh! Hayo nayo toa. Imba 'laa laa laa.' Laa laa laa ni nzuri, inaleta umoja."

Bi Pimbi akarudi nyumbani amefura kwa hasira. Akakaa na zeze mapajani, akajiuliza: ni wapi katika bonde hili masikio ya Nyati hayana amri? Mara akaruka. Msibani!

Maana sikilizeni. Tangu enzi za mababu, ukoo wa Pimbi na ukoo wa Tembo walikuwa watani. Na mtani, siku ya msiba, nani wa kumzuia? Atacheka watu wakilia. Atamwigiza mfiwa, atamsema mpaka basi, na mfiwa hana ruhusa ya kununa. Tena mtani huzuia maziko mpaka apewe chake, na alichoomba hanyimwi.

Tatizo lilikuwa moja tu. Hakuna aliyekufa.

Asubuhi yake, Bi Pimbi akaenda mlangoni kwa Mzee Tembo, akajitupa chini, puu! Akapiga yowe.

"Uuuwiii! Mtani wangu kafiwa! Jamani, kafiwa!"

Mnajua mambo ya msiba yalivyo. Hakuna anayeuliza kwanza nani kafa. Unakuja, unakaa, unalia, maswali baadaye. Ngiri akaja na kuni. Twiga akaja na sufuria kubwa. Mbega wakaja na mikeka, wakatandika uwanja mzima. Kobe alikuja na unga, naye kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuchelewa.

Mzee Tembo akatoka ndani, asali ikimdondoka mkongani. "Kuna nini hapa? Nani kafa?"

"Pole, mtani! Pole sana! Ni mama yako!"

"Mama yangu yuko jikoni anakoroga uji!"

"Huyo ni aliyekuzaa tu. Mimi nasema aliyekuogesha tangu u mchanga, akakunywesha miaka yote bila kudai hata asante. Mama Luvunde! Kafa kwa kiu!"

Wote wakageuka kutazama kule bondeni, palipokuwa na mto. Mbega mmoja akaanza kulia, kilio cha kweli. Wengine wakafuata. Walikuwa hawajapewa nafasi ya kuulilia mto wao hata siku moja.

Afande Nyati akasukuma watu. "Wewe! Huo wimbo wako nimeusikiliza mimi?"

"Tangu lini mtani akaomba ruhusa msibani? Muulize Mzee."

Macho yote kwa Tembo. Akatae utani mbele ya bonde zima? Si watasema hakufundwa kwao? Tembo akamgeukia Nyati.

"Mwache," akanong'ona.

Ehee! Bi Pimbi akachomeka mihogo miwili mdomoni iwe pembe, akafunga kikapu tumboni, akajivuta uwanjani du! du! du! Alivyotembea, ni Mzee Tembo mtupu. Kisha akaitema mihogo, akashika zeze.

"Nani kamuua mama?"

Akajijibu kwa sauti nzito: "Simjui, simjui!"

"Nani kashika shoka?"

"Ni upepo, ni upepo!"

"Mbona jasho lakutoka?"

Safari hii uwanja mzima ukajibu: "Uchangamfu, uchangamfu!"

Kwi kwi kwi! Twiga akaanguka kwa kucheka. Wake wa Tembo wakaziba midomo kwa kanga. Afande Nyati aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Na wimbo ukarudiwa, mara ya tatu, mara ya saba, mpaka Tembo akahisi hana pa kuweka uso.

"Basi, mtani! Basi! Tukazike, watu waende makwao!"

Bi Pimbi akajilaza njiani. "Hazikwi mtu! Sijapewa changu."

"Chukua! Chukua chochote uwanjani humu, uniondokee!"

"Chochote?"

"Chochote! Wote wamesikia!"

"Basi nipe mashoka yale yaliyoegemezwa ukutani."

"Mangapi?"

"Yote."

Mkonga wa Tembo ukabaki unaning'inia. Akamtazama Nyati, Nyati akatazama kwato zake. Ahadi kwa mtani, tena msibani, hairudishwi.

"Mpeni," akasema.

Ngiri na wenzake wakayabeba mpaka mapangoni. Kling! Kling! Kling! Yakatumbukizwa katika ufa mwembamba ambao Pimbi tu ndiye apitaye.

Ndipo Bi Pimbi akashuka mtoni, akaweka sikio topeni. "Jamani! Msizike! Anapumua!"

"Kumbe hajafa?" Tembo akanguruma. "Umenidanganya!"

"Hajafa, mtani. Anaumwa. Na mgonjwa huuguzwa na mwanawe. Pembe unazo, mkonga unao. Sisi tumekaa, tunakungoja."

Na kweli walikaa. Hakuna aliyekunja mkeka. Tembo akasimama, akawatazama mmoja mmoja, aibu ikampanda. Akashuka, akapiga magoti, akachimba mchanga kwa pembe zake, chimba, chimba, mpaka chini yake pakaanza kuloa. Maji! Kata ya kwanza akapewa mtoto wa mwisho wa Bi Pimbi, na wote wakamtazama anavyokunywa.

Mvua haikunyesha siku ile, wala mwezi ule. Lakini kesho yake Mzee Tembo alipanda kilimani na miche mgongoni, na nyuma yake bonde zima likiimba bila kumwomba Nyati ruhusa.

Watoto wangu, mwenye nguvu anaweza kufuta maneno yote ya wimbo, lakini shida yenyewe haifutiki mpaka ashike jembe.