Meko ya Fainipo

Mtu mmoja wa Uyunani ya kale, Fainipo mkulima wa mizeituni, alikaa na mkewe bila mtoto mpaka mvi zikamwota ndevuni. Siku alipozaliwa mwana wa kiume, alilia mbele za watu bila haya.

Kwao kulikuwa na desturi. Siku chache baada ya uzazi, baba humbeba mtoto, huzunguka naye meko ya katikati ya nyumba, kisha humpa jina. Asiyezungushwa hana jina wala ukoo. Na yule ambebaye kuyazunguka meko, huyo ndiye baba yake, mbele ya watu na mbele ya miungu. Meko yenyewe yalikuwa na mungu wake, Hestia, dada mkubwa wa Zeu. Hestia hakuwa na radi wala mkuki. Hakugombana na mtu, ndiyo maana hata hadithi hana. Watu tunapenda kusimulia ugomvi. Alichotaka ni tone la kwanza la divai mezani, na moto usizimike.

Sasa Fainipo, furaha ikamgeukia hofu. Aliyepewa kimoja tu uzeeni hapati usingizi. Akawawaza wakubwa: Zeu, mfalme wa miungu, mwenye radi, Poseidoni, bwana wa bahari, ambaye akikasirika huitikisa nchi mpaka kuta zikaanguka, Artemi mwindaji, ambaye mshale wake haukosi. Akaviwaza na viumbe: Lamia, mama aliyefiwa na watoto wake akawa anaiba wa wenzake, Kerbero, mbwa wa vichwa vitatu alindaye lango la wafu, ambaye humwacha kila mtu aingie wala hamwachi mtu atoke. Fainipo akaapa kwamba hatamzungusha mtoto mpaka hao wote wawe radhi naye.

Mirto mkewe, angali kitandani na udhaifu wa uzazi, alimsihi aanze na meko. Wapi!

"Hestia ni wa nyumbani," alisema Fainipo. "Yupo tu. Atakwenda wapi?"

Akaanza safari zake. Sadaka ilichomwa kwa kuni za mtoaji, basi kila alipotoka alibeba mzigo wa mzeituni mkavu kutoka bandani, na makaa ya kuwashia ndani ya chungu. Alimchomea Zeu mifupa ya paja iliyofungwa kwa shahamu. Alimchinjia Poseidoni fahali mweusi. Artemi alipata mbuzi, Kerbero akawekewa mkate wa asali makaburini. Kwa ajili ya Lamia alitundika mlangoni kinyago cha Gorgo, mwanamke mwenye nyoka badala ya nywele, ambaye anayemtazama hugeuka jiwe. Dawa ya moto ni moto. Akirudi nyumbani hakai. Anabadili viatu, anatoka tena. Majirani wakamsifu kwa uchaji wake, na sifa nazo zina utamu wake.

Safari ya mwisho ilikuwa ya mbali, kwa Apolo, mungu wa uaguzi, huko mlimani, kumwuliza kama hao wote wameridhika. Alichukua kuni zilizobaki. Nyuma yake baridi ikashuka. Mirto alichochea moto kwa alichokipata, kigoda, kisha mpini wa jembe. Jirani alimletea kaa la moto, lakini kaa bila kuni litaishi mpaka lini? Moto ukazimika. Mtoto akaanza kupoa mikononi mwake, na hana hata jina la kuitwa. Mirto akamfunga kifuani, akashika njia ya kwa baba yake.

Fainipo alirudi ana shada la majani kichwani na moyo mweupe. Gorgo alikuwa bado mlangoni, katoa ulimi, analinda nyumba isiyo na mtu. Fainipo akatia mkono kwenye majivu. Yalikuwa baridi. Akaenda mbio kwa mkwewe.

Alimkuta Mirto kando ya meko, na mtoto amelala, mashavu yamepata joto. Akanyoosha mikono apewe mwanawe. Mirto hakumpa.

"Baba yangu kashamzungusha, Fainipo. Jina analo, na baba anaye. Kwako ulinzi ulikuwa kila upande, ila moto wa kumzungushia haukuwepo."

Mzee, baba yake Mirto, alisogea kwenye benchi, akampisha Fainipo aote moto, kama apishwavyo mgeni. Fainipo akaketi, akalia kwa mara ya pili mwaka ule, na safari hii aliona haya.

Nanyi mtakaorudi nyumbani leo mmechoka kwa kuwaridhisha wakubwa, mkitia mkono mekoni mtakuta nini?