Sheli Tatu za Obadia

Kabla hujahama sheli, chungulia dumu.

Ndiyo maneno aliyoyasema bibi yenu leo mchana, alipomsikia Kenani akitangaza kwamba anahamia kwa fundi cherehani wa tatu kwa sababu wawili wa kwanza hawajui kufundisha. Nyinyi mkacheka, kisha mkaja kuniuliza kituo cha mafuta kinaingiaje katika mambo ya cherehani, na hilo dumu ni la nini. Sogeeni basi. Msemo huu si wa kale kama mnavyodhani. Mwenye kuusema mara ya kwanza nilimfahamu, na chai yake niliinywa. Mtu akiwaambia ulianzia kwingine, mwulizeni dumu lilikuwa la rangi gani. Akibabaika, mwacheni aende zake. Lilikuwa la njano, na mambo yalianza hivi.

Huko nyanda za juu za Njombe kulikuwa na kijiji kikiitwa Makambuli. Baridi ya Makambuli msiifananishe na hii ya kwenu ya kuvaa sweta. Kule kuku waliatamia hata mawe, si kwa kutaka vifaranga bali kwa kugombea joto. Lakini nyasi zilikuwa nzuri, na ng'ombe walitoa maziwa mpaka ndama wakachoka. Kaya arobaini na moja ziliishi kwa maziwa hayo. Kila asubuhi yalikusanywa uani kwa Bi Vitalia, yakatiwa kwenye keni za bati, yakapakiwa kwenye pikapu ya kikundi na kupelekwa kiwandani mjini. Kiwanda kilikuwa na sharti moja lisilo na mjadala: lango linafungwa saa tatu. Ukifika saa tatu na dakika moja, rudi nayo.

Dereva wa pikapu ile alikuwa Obadia Mligo, mtu mpole, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Pikapu yenyewe ilikuwa nzee. Tangi lake lilitobolewa na jiwe zamani, likakataa kuzibika, kwa hiyo Obadia akaiachisha tangi na kuinywesha kwa dumu. Dumu la njano la lita ishirini lilifungwa nyuma ya kiti, mpira ukazamishwa ndani mpaka chini, gari likafyonza petroli kama mtoto anyonyaye. Madumu yalikuwa mawili. Moja likinywewa leo, jingine linajazwa mjini kwa ajili ya kesho.

Mambo yakaenda vizuri kiangazi kizima. Kisha siku moja, msimu wa mvua za mwanzo, pikapu ikatoka Makambuli ikinguruma vizuri tu, na ilipofika kwenye kilima cha Kona ya Misindano ikakohoa mara mbili na kuzima. Obadia akafungua kabureta, akapuliza, akasukuma, akaomba. Alipofika kiwandani lango limefungwa. Maziwa yakarudi yote kijijini, na jioni ile hata mbwa wa Makambuli walikuwa wakiyapita mabakuli kwa dharau.

Obadia akasema kosa ni la sheli. Alikuwa akinunua petroli ya kawaida kwenye sheli iliyoitwa Tulivu, karibu na soko, kibao chake kimepauka hata herufi mbili hazionekani. Akaenda pale, akasimama mbele ya wateja, akasema kwamba wanauza uji. Kisha akahamia sheli ya pili, Mwendokasi, yenye pampu mpya nyekundu na wahudumu waliovaa kofia. Siku chache hivi zikapita salama, za jua. Mvua iliporudi, Kona ya Misindano, pikapu ikakohoa mara mbili ikazima. Lango limefungwa. Maziwa nyumbani.

Safari hii meneja wa kiwanda alitoka mwenyewe nje. Hakufoka. Alimwambia Obadia kwamba kijiji cha ng'ambo ya mto kimeomba nafasi tangu mwaka jana, na kwamba Makambuli ikichelewa mara ya tatu, nafasi yake kwenye foleni itapewa wao. Obadia akarudi na neno hilo kifuani kama jiwe. Kaya arobaini na moja, ada za shule, dawa za ng'ombe, vyote vilikuwa vimening'inia kwenye mpira mmoja uliozama kwenye dumu.

Kijiji kikakaa kikao. Mnajua watu wasiokuwa na gari walivyo hodari wa magari. Mwinjilisti alisema petroli ya Mwendokasi ina rangi ya ulevi. Mwalimu Mbata, aliyewahi kupanda gari la mkuu wa mkoa umbali wa kilomita mbili, alieleza kwamba injini nzee ni kama mzee wa kibinadamu, haitaki chakula cha kawaida, inataka supa. Siku zile petroli ilikuwa ya aina mbili, ya kawaida na supa, na supa ilisifiwa hata na wasioijua. Ilisemekana ukiiacha wazi kunguru akapita juu, atafika Songea kabla hajapiga bawa la pili. Basi ikaamuliwa kwamba Obadia ahamie sheli ya tatu, Nyota Tatu, yenye bango refu kuliko mnara wa kanisa, na anunue supa tupu.

Katika kikao kile hakuna aliyesema neno juu ya dumu, na sababu lazima niwaeleze, maana nyinyi wa siku hizi mnakula sahani moja na wakwe zenu. Bi Vitalia, mwenye ule ua wa kukusanyia maziwa, alikuwa mama mkwe wa Obadia. Ndiye aliyeviosha vyombo vyote kila jioni. Na Bi Vitalia kwa usafi hakuwa na mwenzake. Alikuwa akiiosha sabuni kabla ya kuoshea. Sufuria zake zilisuguliwa kwa jivu mpaka zikawa nyembamba, ukipika maharage unauona moto kwa ndani. Sasa, kwao mkwe hakai kiti kimoja na mama mkwe, hapiti mbele yake amevaa kofia, na wala hakagui kazi ya mikono yake. Kuchungulia chombo alichokiosha Bi Vitalia, kwa mkwewe, kungekuwa sawa na kumwambia ni mchafu mbele ya kijiji. Obadia angeona heri kusukuma pikapu mpaka Iringa.

Siku ya supa ikafika. Asubuhi kulikuwa na ukungu, na Bi Vitalia akasema naye atakwenda mjini kumtazama mjukuu wake aliyezaliwa. Hakukaa mbele na mkwewe, haiwezekani. Akapanda nyuma kati ya keni, amejifunika blanketi, mapajani ameshika kikapu chenye keni yake ndogo na bilauri. Bilauri ile hakuiacha nyumbani kamwe. Alikuwa mkaguzi wa maziwa wa kikundi, na mwanamke yeyote aliyeongeza maji, Bi Vitalia aliyamimina maziwa yake kwenye bilauri, akayainua juani, akamwambia hadi kisima alikochota.

Pikapu ikapanda kwa mbwembwe. Obadia akaanza hata kupiga mluzi. Ilipofika Kona ya Misindano ikakohoa mara mbili, ikazima.

Obadia aliketi na mikono kwenye usukani. Ilikuwa saa mbili na dakika chache, na mjini kulibaki mwendo wa nusu saa. Akashuka, akalifungua dumu, akalibeba kwenda mtaroni kuimwaga ile supa yote, huku akisema kwa sauti ndogo kwamba Nyota Tatu ni wezi waliovaa taa. Bi Vitalia akamwita kutoka nyuma ya gari.

"Baba, usimwage. Lete kwanza nione. Wanaotia maji nawajua mimi."

Akainyoosha bilauri yake, uso ameugeuzia pembeni kama adabu inavyotaka. Obadia akauvuta mpira, akanyonya kidogo, akatema, akaijaza bilauri kutoka kule chini ya dumu. Bi Vitalia akaiinua. Juu ilikaa petroli, imetulia, ina rangi ya asali. Chini, vidole viwili, yalikaa maji.

"Si unaona," akasema. "Hao watu wa nyota hawana haya."

Obadia akaitikia kwamba ni kweli mama. Lakini macho yake hayakubanduka kwenye bilauri, na Bi Vitalia, aliyezoea kusoma bilauri kuliko Mwalimu Mbata alivyozoea kitabu, akaona kwamba mkwewe anatazama kitu. Chini kabisa, chini ya maji, palikuwa na vumbi jepesi la kijivu.

"Na hilo ni nini?"

"Vumbi, mama. Barabara hii ina vumbi."

"Vumbi la barabara hii ni jekundu, baba."

Akaimimina petroli pembeni taratibu, akayabakiza maji, akachovya kidole na kukisugua kwenye kidole gumba. Obadia akaitazama miti ya misindano kana kwamba ametumwa kuihesabu.

"Hili ni jivu la kuni za mlingoti," akasema Bi Vitalia. "Ni jivu la jikoni kwangu."

Obadia akaendelea kuihesabu misindano.

Maana mambo yalikuwa hivi. Kila jioni, Bi Vitalia alipomaliza kuosha keni za maziwa, aliliona dumu tupu limekaa kando linanuka, na moyo wake ukakataa chombo kichafu kikae karibu na maziwa. Akaliosha nalo, kwa jivu na maji mengi, akalifudikiza. Siku za jua dumu lilikauka. Siku za mvua, kwa baridi ile ya Makambuli, halikukauka, na tena shikio la dumu lina uwazi ndani, hushika maji hata ulipindue vipi. Kesho yake Obadia alilijaza petroli juu ya maji ya mama mkwe wake. Usiku kucha maji yalishuka chini, yakausubiri mpira. Asubuhi gari lilitembea kwa petroli iliyobaki kwenye kabureta, na ilipoisha, ilikuwa ni kilimani pale pale.

"Umehama sheli ngapi?" Bi Vitalia akauliza.

"Tatu, mama."

"Na dumu umelichungulia mara ngapi?"

"Nitachunguliaje chombo ulichokiosha wewe, mama?"

Wapo wasemao kwamba hapo Bi Vitalia alilia. Si kweli. Alicheka mpaka blanketi likaanguka, na Obadia, ambaye hakuwahi kumwona mama mkwe wake akicheka, akaogopa zaidi kuliko alivyoliogopa lango.

"Basi nakupa ruhusa mbele ya maziwa haya," akasema. "Kabla hujahama sheli, chungulia dumu. Hata kama limeoshwa na mama mkwe wako."

Kisha akashuka garini, maana saa ilikuwa haisubiri. Akamwambia Obadia aliweke dumu juu ya bodi ya gari, lisitikiswe. Maziwa ya keni yake ndogo akayagawa kwenye keni za jirani zake zilizokuwa hazijajaa, akaifuta ile keni kwa upindo wa kitenge mpaka ikakauka kabisa, akaiweka chini ya mdomo wa dumu. Obadia akasita. Keni ikishaingia petroli haitaingia maziwa tena, na ile Bi Vitalia aliachiwa na mama yake. Akamwambia aache kuitazama keni, aushike mpira vizuri. Naye akaliinamisha dumu kwa mkono uliokuwa umeengua malai ya maziwa kwa miaka arobaini. Petroli ya juu ikatoka nyembamba kama uzi, bila kuyagusa maji ya chini. Keni ilipokaribia kujaa akasema basi, akalisimamisha. Hakuna fundi wa mjini ambaye angeweza. Obadia akakimbilia kabureta, akamwaga maji yaliyokuwemo, akauzamisha mpira kwenye keni. Injini ikakohoa mara moja, ikawaka.

Wanasema pikapu ilipanda kilima kile kwa kasi hata misindano ikageuka kuitazama. Mimi sikuwepo. Ninachojua ni kwamba misindano ya kona ile mpaka leo imeinamia upande wa mjini, nendeni mkaone.

Walifika mlinzi ameshika mnyororo. Hakuufunga, aliwasubiri wapite. Maziwa yakapimwa kwa spiriti, ambayo huyagandisha yaliyoanza kuchacha, keni moja baada ya nyingine, na hakuna hata keni moja iliyoganda. Meneja akaandika Makambuli kwenye orodha ya kesho. Bi Vitalia akaenda zake kumwona mjukuu.

Obadia alikuwa na kazi moja zaidi, nayo ilimtoa jasho kuliko kilima. Alizipitia sheli zote tatu kuomba radhi. Mwendokasi na Nyota Tatu hawakumkumbuka vizuri. Pale Tulivu walimkumbuka. Mhudumu wa pampu, mama mmoja mnene aliyeitwa Atukuzwe, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza leo anahamia wapi. Obadia akasema amerudi nyumbani, na anataka ya kawaida, maana injini yake haikuwahi kuitambua supa. Akalitoa dumu, akalifungua, akafumba jicho moja, akachungulia ndani kwa muda mrefu. Atukuzwe akamwuliza anatafuta nini humo.

"Namtafuta mama mkwe wangu," akasema Obadia.

Kisa kikatoka hapo. Kila dereva aliyefika Tulivu akilalamikia sheli nyingine, Atukuzwe alimpa maneno ya Bi Vitalia kabla ya kumpa petroli. Madereva wakayabeba, na kwa kuwa madereva hawapendi maneno marefu, wakamwachilia mbali mama mkwe, wakabaki na sheli na dumu.

Sasa wewe Kenani, usininunie. Fundi wa kwanza ulimwacha kwa sababu nguo zilipinda. Kwa wa pili zikapinda. Kesho rudi kwa mmoja wao, shona, na safari hii utazame mguu wako unavyokanyaga cherehani na macho yako yanakuwa wapi. Ukichungulia ukakuta huko kwako ni kukavu na kusafi, basi hama, na cherehani nitakubebea mimi mwenyewe kwa kichwa. Lakini uanzie hapo alipotuanzishia Bi Vitalia, kilimani, na bilauri mkononi: kabla hujahama sheli, chungulia dumu.