Mama Mchwa na Wanawe Waliong'atana

Paukwa!
Pakawa!
Paukwa, na wa kule nyuma nao!
Pakawa!

Haya. Kale, kale ya kale, palikuwa na kichuguu, na ndani yake Mama Mchwa, mama kijana, wana tele. Wengine askari, wengine waoshaji. Waoshaji walikaa chumba cha katikati, chumba wakakiita Ini. Chakula chote kilipita kwao kwanza. Wakaosha, wakatoa sumu, ndipo wakawapelekea wadogo zao.

Askari wa mchwa hawana macho, wanangu. Wanajua kwa harufu. Nusa, ndugu, pita. Nusa, adui, ng'ata, kacha! Ndiyo desturi yao.

Siku moja siafu wakavamia. Vita! Kacha, kacha, kacha! Siafu wakashindwa. Waoshaji wakabeba maiti, wakasugua kuta, na harufu ya siafu ikawaganda mwilini.

Mkubwa wa askari, Kichwangumu, akapita pale Ini. Akanusa.

"Siafu huyu!"

"Kaka, ni mimi, mdogo wako Sugua!"

"Ehe! Siafu siku hizi wanajua na majina yetu!" Kacha!

Leo kacha, kesho kacha. Kimyakimya, huko ndani, nani aone? Mwoshaji akianguka, pengo lake likazibwa kwa udongo. Udongo ukakauka, mgumu kama kovu. Na udongo hauoshi chakula, jamani! Sumu ikapita. Wadogo wakachoka, wakakataa kula, wakawa manjano, manjano ya ndizi mbivu.

Mama akashtuka, wanangu wana nini, nani kawaroga, mbona juzi walikuwa wanacheza, nimewalisha nini mimi! Akamwita jirani yake, Bibi Jongoo, mganga.

"Bibi, fanya haraka!"

"Mjukuu wangu, kwa miguu hii nikikimbia nitajikwaa mpaka jioni."

Akafika. Akapapasa kuta za Ini, akakuta waoshaji wana alama za meno. "Hapa hakuna mchawi. Askari wako wanawang'ata ndugu zao."

"Basi nawafukuza wote, leo hii hii!"

"Wafukuze, na kesho siafu walale kitandani kwako. Wapoze tu. Wanyweshe majani haya kila asubuhi. Lakini wakipoa watakuwa wazito vitani, kwa hiyo milango uifunge vizuri."

Akawanywesha. Askari wakatulia. Manjano yakaondoka. Vigelegele! Mama akasema, si wamepona? Majani akayaacha.

Lo! Nusa, adui, kacha!

Mama akambeba mwoshaji aliyejeruhiwa, akamlaza mbele ya Kichwangumu.

"Huyu nani?"

"Adui, mama."

"Huyu nimemzaa mimi. Na wewe nimekuzaa mimi. Kunywa."

Kichwangumu akanywa. Kisha akauliza, "Mpaka lini, mama?"

"Mpaka nichoke kuwa mama yenu nyote wawili."

Palipozibwa kwa udongo hapakurudi tena kuwa mahali pa kuoshea. Ila waoshaji waliobaki walifanya kazi, na wadogo wakala.

Na ini la mtu huweza kupatwa hivyo hivyo. Walinzi wa mwili, wale wanaopigana na magonjwa, humgeukia wa kwao, na si uchawi, wala si kosa la mama. Ukiona macho ya mtoto yana manjano, mpeleke hospitali upesi. Na dawa usiiache kwa sababu amepata nafuu, muulize daktari kwanza.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye sikio aende nayo kwake.