Mshono wa Mnyororo

Jambo lililoshikwa na mkono mmoja huanguka mkono huo ukitetereka. Lililoshikwa na mikono mingi husimama. Wahenga waliliona hilo waliposema penye wengi hapaharibiki neno.

Katika chumba kimoja kilichojaa milio ya cherehani, mafundi watano walichangia karo ya Sindano, binti aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake na ukali wa akili yake. Mfuko wa kwanza ulikuwa umeyeyuka pamoja na mweka hazina wake. Wa pili Sindano aliuanzisha mwenyewe kwa teknolojia ya mnyororo wa bloku: kila mchango uliandikwa katika simu zote tano, hakuna aliyeweza kuufuta peke yake, na fedha hazikutoka mpaka watatu waridhie, kila mmoja kwa maneno yake ya siri.

"Mnyororo?" alicheka Mama Darizi, fundi wa kutia nakshi. "Mwanangu, mshono wa mnyororo naujua kuliko jina langu. Vuta uzi mmoja, wote unafumuka!"

"Huu una fundo kila tundu, shangazi."

"Haya. Sielewi, ila nimo."

Siku ya mwisho ya kulipa ikafika. Saa kumi ikipita, nafasi ya Sindano ya kusomea uhandisi angepewa mwingine. Mara mjomba wake, mwenyekiti wa mfuko, aliingia akihema, mkononi simu inayochuruzika maji. Alikuwa ameifua pamoja na suruali.

"Jamani, pesa zimelowa!"

"Basi zianike!" alidakia mkataji nguo, lakini hakuna aliyecheka. Mama yake Sindano, naye fundi mmojawapo wa wale watano, aliketi akanywea kama kitambaa kilichokamuliwa.

Sindano alikaza moyo. "Mjomba, fedha hazimo ndani ya simu. Simu ni dirisha tu. Umevunja lako, nyumba ingali imesimama. Mpiga pasi yuko wapi?"

"Yuko safarini. Hapatikani," mjomba alijibu. "Na maneno yangu ya siri niliyaandika humu simuni tu."

Basi walibaki watatu kamili. Mama aliridhia. Mkataji akaridhia. Macho yote yakamgeukia Mama Darizi, naye akaanza kujifuta jasho.

"Umeyasahau maneno yako, shangazi?" Sindano aliuliza.

"Yalikuwa mengi kama siafu! Nani angeyaweka kichwani?" Akasimama ghafla. "Wanaume, tazameni ukuta! Na wewe mkataji, acha kuchungulia!"

Aligeuza pindo la gauni lake. Kwa ndani, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, maneno yote yalikuwa yamedariziwa, herufi baada ya herufi, kwa mshono wa mnyororo.

"Na uzi ukivutwa je?" mjomba aliuliza, uso ukutani.

"Hauvutiki. Nimepiga fundo kila tundu."

Aliyaandika polepole, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuumba herufi. Simu ikalia. Zikalia zote, ila ile iliyolowa: chuo kimepokea. Sindano alimkumbatia Mama Darizi hadi kofia ya kidole ya kushonea ikamdondoka fundi huyo, ikabiringika chini ya meza.

"Niachie, utanichoma," alinung'unika Mama Darizi, huku machozi yakimlenga. "Nenda ukasome. Kisha urudi unifundishe hiyo bloku ni mdudu gani."

Cherehani zikaanza kuimba tena. Simu moja ilikuwa imekufa na fundi mmoja hakuwapo, lakini mnyororo haukufumuka, kwa maana kweli penye wengi hapaharibiki neno.