Kwa Nini Njia za Kitopeni Zinapinda

Hapo kale, nchi ya Kitopeni, kuanzia vichakani hadi kwenye mikoko, haikuwa na njia hata moja. Watu walikuwepo, wanyama walikuwepo, kisima cha maji matamu kilikuwepo, na kule karibu na bahari ulikuwepo uwanda wa chumvi. Lakini kati ya kijiji na kisima, au kati ya kisima na bahari, hukuona ardhi iliyokanyagwa ikakanyagika.

Sababu ilikuwa moja. Watu wa Kitopeni waliamini kwamba mtu akipita huacha pumzi yake kidogo ndani ya unyayo. Ukiukanyaga unyayo huo umeikanyaga pumzi yake, na siku ya saba hataamka. Kwa hiyo kila mtu alipita pake. Mama akienda kisimani, binti yake alizungukia upande mwingine, macho chini, akirukaruka kama kuku aliyefungwa mguu. Watoto walifundishwa jambo hili kabla ya kufundishwa kuamkia.

Miiba iliwachana miguu kila siku. Wanyama nao hawakuwa na raha, maana hapakuwa na kichaka ambacho mtu hakukipitia. Pofu, yule swala mkubwa, akilala huku, huyu hapa mtu na mtungi. Akihamia kule, yule pale mwingine na kikapu. Nyati wakawa wakali. Hakuna aliyetulia, mwenye pembe wala asiye nazo.

Katika kijiji hicho waliishi ndugu wawili na mama yao. Mkubwa aliitwa Nyamvula, mdogo aliitwa Mwaidi. Siku moja ya bamvua, bahari inapokupwa sana na kujaa sana, Mwaidi alitoka alfajiri kwenda kukwangua chumvi. Alisema jua la utosi litamkuta nyumbani.

Jua la utosi lilifika, likapita. Nyamvula alikaa, akasimama, akafagia ua uliokwisha kufagiwa.

"Mama, Mwaidi hajarudi."

"Mguu wa yule hauna nanga. Atakuja."

Akaenda mpaka mwisho wa kijiji, akarudi. "Mama, hajarudi."

Safari hii mama yake aliacha kutwanga. Alitazama upande wa bahari kwa muda. "Mfuate," alisema. "Lakini pita kando ya nyayo zake. Usije ukaniulia mwanangu huku unamtafuta."

Nyamvula aliondoka karibu anakimbia. Nyayo za Mwaidi alizijua, maana kidole chake kidogo cha mguu wa kushoto kilitazama nje. Alizifuata kwa kando, nazo zikamsumbua. Zilikwenda kulia, zikarudi kushoto, zikazunguka kichuguu, zikapita mbali na mti uliokuwa karibu.

"Mtoto huyu hata kwenda mbele hajui," alinung'unika, na pale zilipozunguka kichaka kikubwa, yeye akakata katikati ili awahi. Ndani ya kichaka alikuwemo nyati amelala. Nyamvula alirudi kinyumenyume, polepole, jasho likimtiririka, mpaka akazifikia tena nyayo za mdogo wake. Baada ya hapo hakunung'unika. Zilipopinda, alipinda.

Alipofika kwenye tope la mikoko alikuta maji yameshaanza kujaa. Nyayo za Mwaidi zilivuka tope, moja moja, mpaka kwenye miti ya mbele. Nyamvula alitia mguu kando yake kama alivyoagizwa. Tope likammeza hadi gotini. Akajivuta, akajaribu upande wa pili. Likammeza hadi pajani, na akatoka kwa kushika mzizi. Ardhi iliyoweza kumbeba mtu ilikuwa ni ile tu aliyoipata Mwaidi kwa kupapasa.

Alisimama pale akizitazama nyayo. Asipozikanyaga, maji yatamchukua Mwaidi leo. Akizikanyaga, Mwaidi atakufa siku ya saba. Na wakati anawaza, maji yaliingia katika unyayo mmoja kule mbele, ukatoweka.

"Siku saba ni nyingi kuliko leo," alijisemea, akaweka mguu wake ndani ya unyayo wa mdogo wake.

Tope lilimbeba. Akaweka wa pili, na wa tatu, akilia huku anakwenda.

Mwaidi alikuwa juu ya mizizi ya mkoko, kifundo kimevimba kama embe, maji yakimlamba vidole vya miguu. Alipomwona dada yake hakufurahi kwanza. Alitazama alikopita.

"Dada. Umenikanyaga?"

"Tangu mwanzo wa tope. Kila unyayo."

"Basi nimeshakufa."

"Maiti hana maneno mengi hivyo. Nishike shingo."

Walirudi kwa nyayo zilezile, Nyamvula akimbeba mgongoni, na kila unyayo walioutoka maji yaliujaza nyuma yao.

Kijijini Nyamvula hakuficha. Mzee Mwinyigoha, mlinzi wa mila, alimsikiliza mpaka mwisho. "Sitakulaumu wala sitakusifu," alisema. "Tungoje siku."

Siku hizo ziliwachosha watu kuliko njaa. Majirani walikuja kumtazama Mwaidi kwa macho ya matanga. Shangazi yao alileta uji, akaketi.

"Ongeza asali, shangazi," Mwaidi alimwambia. "Ndio wa mwisho mwisho huu."

Hakuna aliyecheka. Nyamvula hakula wala hakukaa mahali pamoja. Kila Mwaidi aliposinzia, alimwekea kiganja karibu na pua kusikiliza pumzi. Siku ya tano hivyo, siku ya sita hivyo. Usiku wa kuamkia siku ya saba usingizi ukamshinda.

Alipofumbua macho jua lilikuwa limechomoza na mkeka wa Mwaidi ulikuwa mtupu. Nyamvula alitoka mbio, akidhani wameshambeba.

Mwaidi alikuwa akielekea kisimani, anachechemea na fimbo, mtungi kichwani. Nyuma yake alikuwa mama yao. Hakuzunguka, wala hakurukaruka. Aliweka mguu pale mwanawe alipotoa wake, kisha mwingine, kisha mwingine. Mzee Mwinyigoha alikuwa amesimama mlangoni kwake akitazama. Akavua viatu, akafuata nyuma yao.

Na tangu siku hiyo watu wa Kitopeni hufuatana, mmoja nyuma ya mwingine, na nyayo zao ndizo zilizozaa njia. Njia hiyo haina taabu, hata bibi mwenye mkongojo huifuata mpaka baharini. Wanyama nao wakajua mwanadamu anapita wapi, wakalala penginepo kwa amani. Njia ni nyembamba kwa sababu ni ya mguu mmoja, na inapinda kwa sababu Mwaidi alipinda. Mgeni akiuliza mbona haikunyooshwa, huambiwa aweke mguu pale mwenzake alipoweka. Na kama bado ana swali, nyati wako ndani ya kichaka kile, awaulize wao.