Mbunge Aliyeitwa wa Mwisho

Ndugu zangu, kule Marekani, katika karne ya kumi na tisa, mwananchi wa kawaida hakumpigia kura seneta. Seneta alichaguliwa na wabunge wa jimbo, ukumbini, mchana kweupe. Karani aliita majina kwa kufuata alfabeti, na kila aliyeitwa alisimama akamtaja mtu wake kwa sauti, wote wakisikia. Hakuna kujificha hapo!

Basi, kulikuwa na mbunge mmoja ambaye jina lake lilianza na Z. Aliringa nalo jina hilo, acheni tu! Mgombea wa kwanza akamfuata: "Nipe kura yako, nami nitaleta reli mjini kwenu." Akajibu, "Mheshimiwa, mimi ni wako." Jioni akaja wa pili: "Nipe kura, na mkweo nitamfanya jaji." Huyo naye akaambiwa, "Mheshimiwa, mimi ni wako."

Mkewe akamwuliza, "Sasa siku yenyewe utamtaja nani, mume wangu?"

"Mshindi," akacheka. "Mpaka karani anifikie mimi, mambo yatakuwa yameshaamuliwa. Nitamtaja aliyeshinda, na yule mwingine nitampa pole."

Siku ikafika. Akakaa kiti cha nyuma, miguu ameinyoosha, anasikiliza majina kama mtu anayesubiri ugali uive. Lakini kadiri majina yalivyoitwa, ndivyo tabasamu lilivyomwisha. Huyu akipata kura, na yule anapata. Karani alipomfikia, kura zilikuwa sawa kwa sawa. Wagombea wote wawili wakageuka wakamtazama kwa furaha, kila mmoja akijua ameshinda.

Mngekuwa ninyi, mngesema nini?

Aliogopa, ndugu zangu. Akasimama, akasema, "Mheshimiwa Spika, kwa kweli... wote wawili wanafaa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Wagombea hawakucheka. Walitazamana, na kwa mara ya kwanza tangu kampeni zianze, wakaelewana.

Spika akagonga nyundo. "Kiti ni kimoja. Kura hiyo haihesabiki, na uchaguzi utarudiwa kesho. Na wewe karani, kesho anza kuita kutoka mwisho."

Mnacheka? Haya, tucheke. Lakini sisi tunamwambia Mungu nini Jumapili, na Jumatatu tunamwambia nani maneno yale yale? "Mimi ni wako, mimi ni wako." Tunajipa moyo kwamba muda upo, wengine watatangulia, tutaangalia kwanza mambo yanaelekea wapi. Nani kakuonyesha orodha, wewe ndugu, ukaona jina lako liko chini? Mungu hafuati alfabeti. Anaweza kuanza na wewe, hapo hapo ulipokaa. Kwa hiyo mtaje leo, kwa sauti, jirani yako asikie. Yule mbunge alipewa usiku mzima wa kujifikiria. Mimi usiku huo sijaahidiwa, na wewe hujaahidiwa.